Cha Juu Ni Cha Nani?

Neno dalali na neno dalili ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuonyesha njia. Wasomali nao walilichukua wakasema dillaal, na ukisimama soko la mifugo hapa Garissa asubuhi moja utalisikia mara mia. Kwa asili, basi, dalali ni mtu wa kuonyesha, kuuza kunafuata baadaye. Swali langu ni jepesi kulisema na gumu kulijibu: anamwonyesha nani, na akishaonyesha anadai nini, kutoka kwa nani?

Sina digrii ya sheria wala ya falsafa. Chuo niliacha mwaka wa tatu karo ilipogoma, na sasa naandika kwa malipo ya kipande kwa kipande. Lakini mwaka juzi mama yangu aliuza nyumba yake ya vyumba viwili Bulla Iftin, nyumba aliyoijenga kwa pesa za maziwa ya ngamia, debe kwa debe, na kwa kuwa mimi ndiye wa kusoma karatasi pale nyumbani, mambo yote ya dalali yalipitia kwangu. Kilichotokea kilitugawa. Mpaka leo nikikaa na abti, kaka yake mama, hatukubaliani.

Ngoja nianze na ng'ombe, maana hapa kwetu kila kitu huanza na ng'ombe.

Soko la Garissa ni kati ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Wanyama wanatoka vijijini, wengine wanavuka mpaka kutoka Somalia, wanaingia kwenye malori kuelekea Nairobi na Mombasa. Mnunuzi wa kutoka mbali hamjui mfugaji. Hajui kama yule dume ameibwa jana usiku. Anayemjua mfugaji ni dillaal: anajua ukoo wake, kisima chake, adeer wake ni nani. Kwa hiyo dillaal anapopokea ada yake, hapokei kwa kelele alizopiga. Anapokea kwa sababu ameweka jina lake rehani. Mnyama akigundulika ni wa wizi, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Na hawezi kuhama, maana kila mtu anajua anakolala.

Hiyo ndiyo kazi ya dalali ikiwa kamili, na ina vipande vitatu. Kuna habari: nani anauza, nani ana pesa. Kuna miguu: kutembea, kupiga simu, kungoja juani. Na kuna dhamana: mambo yakiharibika, mimi nipo. Tunalipa bei moja kwa vitu vitatu na hatuulizi ni kipi hasa tumenunua.

Sasa toka sokoni uingie mtaani. Tangu ugatuzi uanze 2013, Garissa imekuwa mji mwingine. Kaunti imeleta wafanyakazi, mashirika yanayohudumia kambi za Dadaab yameleta watu wake, chuo kikuu kimeleta wahadhiri na wanafunzi. Kila mtu anatafuta keja, na kila mwenye ploti anajenga. Katikati yao ameota broka wa nyumba, kijana mwenye simu mbili na pikipiki ya kuazima. Habari anayo. Miguu anayo, tena mingi. Dhamana ndiyo hana. Mpangaji akihama usiku na deni la miezi mitatu, broka atakwambia pole. Lakini ada anadai ile ya mtu aliyejiweka rehani.

Kwa sheria, si kila mwenye simu anaruhusiwa kufanya kazi hii. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, ya mwaka 1984, na ina bodi ya kuwasajili. Anayefanya kazi hiyo bila usajili anavunja sheria. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza namba ya usajili, na kuuliza ni bure. Lakini tuseme ukweli: wengi wetu hatuulizi, kwa sababu dalali wetu ni binamu wa mtu.

Wetu alikuwa hivyo. Alikuja kwa mkono wa jirani, akaomba asilimia tatu. Mama alitaka milioni 4.2, kwa hiyo ada ingekuwa shilingi 126,000. Miezi minne akaleta watu kumi na mmoja kuona nyumba, mara nyingine saa saba mchana, jua la Garissa ambalo hata mbuzi hulikimbia. Wa kumi na moja akapenda. Siku mbili baadaye, huyo mnunuzi akampigia mama simu moja kwa moja.

Akasema: mama, huyu kijana ameniambia wewe unataka milioni 4.35. Nimeulizia mtaani, nasikia ni 4.2. Hiyo 150,000 ni ya nani? Tumruke. Nikupe 4.2 mkononi, yeye tusimpe kitu.

Piga hesabu uone utamu wake. Mnunuzi anaokoa 150,000. Mama anabaki na milioni 4.2 kamili badala ya 4,074,000. Dalali, aliyekuwa anangoja 276,000 kutoka pande zote mbili, anabaki na vumbi la viatu. Abti alicheka, akasema imeisha hiyo: mla cha mwenzio na chake huliwa.

Hiyo 150,000 ndiyo inaitwa cha juu. Kila Mkenya anakijua. Bei ya mwenye mali iko chini, bei ya mnunuzi iko juu, na pale katikati kuna mtu anakula kimya kimya. Wengi tunakiona ni wizi tu. Lakini nilipomuuliza sheikh mmoja wa msikiti wetu, alinishangaza. Alinielekeza kwenye mlango wa ujira wa dalali katika mkusanyiko wa Bukhari. Pale imepokewa kwamba wanazuoni wa mwanzo kama Ibn Sirin na Ata hawakuona ubaya katika ujira huo. Zaidi ya hapo, Ibn Abbas hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake auze nguo kwa kiasi fulani na kitakachozidi kiwe chake. Hicho ni nini kama si cha juu? Wanazuoni wengine walikataa, wakisema ujira usiojulikana kiasi chake ni mlango wa ugomvi. Lakini angalia kitu kimoja: hata kwa wale walioruhusu, mwenye nguo ndiye anayesema. Anajua kuna ziada. Amekubali iende.

Kwa hiyo pesa ni ile ile, laki moja na nusu. Ikisemwa mbele ya mwenye mali ni mshahara. Ikifichwa ni khiyana. Sidhani kuna mfano mzuri kuliko huu wa kuonyesha kwamba uovu mwingine haumo kwenye kitu chenyewe. Umo kwenye giza kilimofanyiwa.

Na giza hilo si la Garissa peke yake. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha mwaka 2008 utafiti wa karibu nyumba laki moja zilizouzwa eneo la Chicago. Walilinganisha nyumba ambazo mawakala waliwauzia wateja na zile ambazo mawakala waliuza zao wenyewe. Nyumba zao wenyewe zilikaa sokoni karibu siku tisa na nusu zaidi na zikauzwa kwa bei ya juu kwa takriban asilimia 3.7. Hao ni watu wenye leseni, ofisi na tai. Sababu si roho mbaya, ni hesabu. Mama akipata laki mbili zaidi, dalali wa asilimia tatu anapata elfu sita. Kwa elfu sita, nani atangoja mwezi mwingine? Atakwambia, mama, chukua hii, soko limelala. Asilimia moja ya kudumu inafanya ionekane kama mko upande mmoja, kumbe mmeachana pale mwishoni, pale pesa yako ilipo.

Basi je, kosa la dalali linamfungua mama kutoka ahadi yake? Hapo ndipo ugomvi wa familia ulipolala.

Abti ana mawakili upande wake, ingawa hawajui. Mwaka 1903 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Andrews dhidi ya Ramsay. Wakala aliahidiwa pauni 50 kuuza mali, akachukua pauni 20 za siri kutoka kwa mnunuzi. Mahakama ilisema arudishe zile 20 kwa mwenye mali, na zile 50 asipate pia. Wazo lake ni kwamba mtumishi anayekula pande mbili hajafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Hata kama nyumba imeuzwa, hata kama mwenye mali hajapata hasara, uaminifu ndio uliokuwa bidhaa, na haukuletwa. Kanuni hiyo ni ngumu na ni safi. Inalinda wenye nyumba ambao hata hawamo kwenye kesi, maana madalali wengine wataisikia.

Mimi nilikuwa na abti, lakini si kwa njia yake. Abti alitaka tumruke kimya kimya. Kumruka mtu kimya kimya ni kumfanyia kile kile alichotufanyia: kukutana na upande wa pili gizani. Ukimnyima ada kwa sababu amekula siri, basi umnyime mchana, umwambie usoni kwa nini. La sivyo hujamhukumu. Umempora tu, ukapata kisingizio.

Mama alisikiliza wote, akamwaga chai, akasema: "Amekosa, lakini miguu yake haikukosa."

Halafu akaongeza jambo kuhusu mnunuzi ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Huyu anayetaka tumruke mtu aliyetukutanisha, kesho tukimaliza mapatano na kubaki na malipo ya mwisho, atashindwa kuniruka mimi? Kwa hiyo akaita kikao: yeye, mnunuzi, dalali, abti na mimi na daftari. Bei mbili zikasemwa kwa sauti. Kijana aliangalia mkeka. Bei ikawekwa milioni 4.2, malipo yote kupitia benki. Asilimia tatu mama akaikataa mbele yake, akaeleza sababu. Kisha akampa shilingi 40,000, akaziita pesa za viatu.

Sheikh aliponisikia alitabasamu. Alisema fiqhi ina jina la hizo pesa za viatu: ujira wa mfano. Mapatano yakiharibika lakini kazi imefanyika, mfanyakazi hupewa kile ambacho mtu kama yeye angelipwa kwa kazi kama ile. Hapati alichoahidiwa, na haondoki mikono mitupu.

Abti anasema mama alilipa mwizi. Nimefikiria sana neno hilo, na hapa lazima niseme mahali ninaposimamia, maana mimi na yule kijana tunafanana kuliko ninavyopenda. Mimi pia nalipwa kitu kikifika tu. Natuma kazi kumi, zinalipwa tatu, na zile tatu zinabeba saba. Ndivyo ilivyo kwa dalali: ada ya mnunuzi wa kumi na moja inabeba jua la wale kumi. Ndiyo maana ada yake kwa mwenye nyumba huonekana kubwa kupita kiasi. Unaona saa mbili alizofanya na mnunuzi wako, huoni miezi minne. Mtu anayelipwa kwa matokeo peke yake amebeba hatari ambayo mwenye mali amekataa kuibeba. Na ukimbebesha mtu hatari yote, bila hata nauli, usishangae akitafuta cha juu. Simtetei. Nasema tu kwamba tunatengeneza shimo halafu tunashangaa mtu ameingia.

Kwa hiyo nadhani mahakimu wa 1903 walikuwa sahihi kwa ajili ya biashara, na mama alikuwa sahihi kwa ajili ya mtu. Lakini hekima ya kweli kwa mwenye nyumba ni kupanga malipo mapema, asifike pale pa kuchagua kati ya ukali na huruma. Na malipo yakipangwa vizuri yanafuata vile vipande vitatu.

Miguu ilipwe kama miguu. Kiasi kidogo kinachojulikana, nauli na muda wa simu, nyumba iuzwe isiuzwe. Habari ilipwe kwa matokeo, na cha juu kitoke gizani kikae mezani. Mfano: asilimia mbili ya milioni nne, ambayo ni 80,000, halafu asilimia kumi na tano ya kila shilingi inayozidi hapo. Nyumba ikienda 4.2, anapata 110,000. Ikienda 4.3, anapata 125,000. Ile laki ya mwisho sasa ina thamani ya 15,000 kwake badala ya 3,000, na ghafla soko halijalala tena. Kisha dhamana: sehemu ya ada ishikwe mpaka uhamisho ukamilike, au kwa nyumba ya kupanga, mpaka mpangaji amalize miezi mitatu akiwa analipa. Asiyetaka kungoja miezi mitatu amekwambia anavyomwamini mpangaji aliyekuletea.

Na kuchagua je? Watu wa kwetu tunachagua kwa ukoo, na simcheki mtu kwa hilo. Eneo hili liliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya sitini hadi 1991. Watu waliojua serikali kwa msako na kipande hawawezi kuambiwa ghafla waamini stempu kuliko shangazi. Lakini ukoo unafanya kazi sokoni kwa ng'ombe kwa sababu kila mtu yumo ndani yake. Mnunuzi wa nyumba anaweza kutoka Meru, Eastleigh au Minneapolis, na ukoo wako haumfikii. Halafu dalali ndugu ana tatizo lingine: huwezi kumwomba risiti bila kuonekana umemtukana, na huwezi kumfuta bila kuvunja harusi ya mtu. Ndugu awe shahidi kikaoni. Dalali awe mtu unayeweza kumuuliza na kumwacha.

Ukimpata, muulize mambo matatu. Kwanza, nyumba aliyouza au kupangisha mwaka jana ni ipi, na mwenye nyumba yuko wapi nimsalimie. Pili, nyumba yangu ina ubaya gani. Akisema haina, ametoka kukudanganya mara ya kwanza. Tatu, nani mwingine anakulipa kwenye hii dili. Sikiliza jibu, lakini sikiliza zaidi kimya kinachotangulia jibu.

Hati za asili usimwachie kamwe, apewe nakala. Amana isipite mikononi mwake. Na kama ulicho nacho ni barua ya ugawaji tu, jinsi ilivyo kwa ploti nyingi za Garissa, ujue kwamba mwaka 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilisema barua hiyo peke yake si hati ya umiliki. Anayeishika lazima atimize masharti, alipe na asajiliwe ndipo awe na cha kuhamisha. Dalali akikwambia barua inatosha, dhamana yake ni ipi?

Mwisho, iandikwe. Nasikia kila siku kwamba kuandikishana ni kukosa kuaminiana. Hata sheria ya mikataba ya Kenya inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi. Lakini kwa wanaosali, kuna hoja iliyo karibu zaidi: aya ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu kuandika madeni. Wahenga wa Kiswahili nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandika hakuui uaminifu. Kunampa mtu mwaminifu kitu cha kuonyesha, na kunamnyima mwenye njaa ile nafasi ya giza ambayo hata mtu mwema anaweza kujikwaa ndani yake.

Abti bado anasema 40,000 zilipotea. Labda. Mwezi uliopita yule kijana alimletea jirani yetu mpangaji, na jirani anasema kabla hajaanza chochote alitoa karatasi mfukoni, imeandikwa kwa mkono: bei ya mwenye nyumba, bei ya mpangaji, na chini yake, peke yake kwenye mstari, ada yangu.